Fungu la Tatu la Masale

Sogeeni karibu, na mwenye cheo ajifanye hasikii, kama kawaida yake. Nina habari za nchi moja ninayoijua vizuri kwa sababu ndiko ninakofulia nguo. Jina lake silitaji. Si kwa woga. Limebadilishwa mara nne tangu niolewe, na mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo sina hakika tumefikia lipi.

Nchi hiyo ina Mheshimiwa Mlezi, na Mlezi anapenda sana rangi ya kijani. Siku moja alipita barabara ya kijijini kwetu, magari thelathini na mawili, na kwenye ua wa kiwanja fulani akaona pengo, na ndani ya pengo akaona nguo ya ndani imeanikwa kwenye kamba. Sisemi ilikuwa ya nani. Nasema tu ilikuwa safi.

Msafara ukasimama. Redio ikatangaza kwamba heshima ya taifa imejeruhiwa, ikataja kijiji, ikataja na rangi ya nguo. Wiki ile ile likatoka Agizo: kiwanja chochote ambacho ua wake utakuwa na pengo ifikapo saa sita kamili mchana wa Sikukuu ya Mandhari kitahesabiwa hakina mpaka, kisicho na mpaka hakina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe ni cha Serikali. Nilimsifu aliyeandika. Hatua tatu tu, na umeshatoka nyumbani kwako.

Tulipewa siku kumi na nne.

Mimi mapengo yangu yalikuwa matatu, yote upande wa barabara. Marehemu mume wangu alipanda ua wa michongoma pande zote nne, akamaliza, akafa, akazikwa humo humo ndani, karibu na migomba yake. Upande wa barabara ulikuwa unanyweshwa na mfereji, ule uliochimbwa na babu zetu kwa majembe kutoka mlimani. Miaka miwili iliyopita Serikali iliuazima. Ukapelekwa mjini kuendesha chemchemi ya Mzunguko wa Ushindi, ile inayorusha maji juu kama nyumba tatu ili yarudi chini. Michongoma yangu ikangoja maji, ikangoja, ikakauka sehemu tatu.

Kwa hiyo mapengo yale sikuyatoboa mimi. Lakini Agizo halikuuliza nani ametoboa.

*

Kujaza pengo si kazi ya kusomea. Unaenda kwa jirani, unakata matawi ya minyaa, unayaacha siku mbili tatu kidonda chake kikauke, unayachomeka. Mnyaa hauombi mbolea wala salamu. Nilikata matawi arobaini, nikayabeba kichwani, na pale njiani nikakutana na Elirehema, mtendaji wetu wa kijiji, ambaye mimi ndiye niliyemkata kitovu.

"Shikamoo Bibi Ndeanasia."

"Marahaba, Elirehema. Mama hajambo?"

"Hajambo. Bibi, hiyo nini?"

"Minyaa."

"Naona ni minyaa. Nauliza kiofisi."

"Kiofisi nayo ni minyaa."

Akajikuna shingo. Elirehema akiwa na jambo la aibu hujikuna shingo, tangu akiwa mtoto. "Huruhusiwi kuchomeka mmea wowote pengoni mpaka upitishwe na Kamati ya Taifa ya Kuteua Mimea Inayokua Haraka na Kubaki Kijani Mwaka Mzima."

"Rudia."

"Siwezi, Bibi. Hapo katikati lazima nipumzike."

Akanipa fomu, nakala tatu. Sehemu ya kwanza ilitaka upana wa pengo. Sehemu ya pili ilitaka sababu ya pengo, uchague moja: uzembe, ukaidi, au vyote viwili.

"Mfereji haumo?" nikauliza.

"Haumo."

"Sasa nichague nini?"

"Chagua ukaidi. Uzembe una faini."

Nikachagua ukaidi, nikaenda wilayani kwa miguu. Siku ya kwanza afisa hakuwepo. Lilikuwepo koti lake kitini, na watu walikuwa wanalisalimia. Na mimi nikalisalimia, sikutaka kuonekana sina adabu. Siku ya pili afisa alikuwepo, mhuri ulikuwa safarini. Siku ya tatu mhuri ulikuwepo, akaisoma fomu yangu kwa kidole, akanirudishia.

"Mama, hii haijakamilika. Hapa chini, mwombaji hajatia sahihi."

"Nimetia. Hilo hapo jina langu."

"Wewe ni mwenye pengo. Mwombaji ni mmea. Anayeomba kuingia pengoni ni nani, si mmea?"

"Mnyaa haujui kuandika, mwanangu."

"Basi kidole gumba."

Nilirudi nyumbani nikayakuta matawi yangu arobaini yameshaanza kutoa vichipukizi pale pale nilipoyarundika chini. Mmea ulikuwa na haraka kuliko nchi nzima. Nilikaa kwenye kigoda nikalia kidogo, si sana, kiasi cha mtu aliyetembea kilomita ishirini na mbili mara tatu. Zilikuwa zimebaki siku nane.

*

Siku ya pili yake Kamati yenyewe ikaja kata yetu kusikiliza wananchi. Walifunga turubai, wakaleta viti. Kiti kimoja kilibandikwa karatasi: MWANANCHI. Wakanikalisha hapo.

Kamati iliongozwa na Waziri wa Mipaka na Mandhari, Dakta Eustaki Kihwaga, mtu mnene mwenye sauti nzuri, ambaye hata akiomba maji ya kunywa unatamani kupiga makofi.

"Ndugu wananchi," akasema, na mwananchi nilikuwa mimi, "mmea tunaoutafuta uwe na sifa zifuatazo. Ukue haraka, bila kuharakisha. Ubaki kijani masika na kiangazi, bila kudai maji. Na uwe na uzoefu wa kazi usiopungua miaka minane, umri wake usizidi miaka miwili."

Wakaanza na minyaa. Mjumbe mmoja akasoma kwamba maziwa ya mnyaa yakimwingia mtu machoni yanampofusha. Waziri akasikitika. Alisema wanaochungulia kwenye nyua za watu wengi wao ni watumishi wa Serikali, na Serikali haiwezi kupofusha watumishi wake. Minyaa ikafutwa. Michongoma ikafutwa kwa kuwa na silaha bila kibali. Misaipresi ilipendwa sana mpaka mjumbe mwingine akauliza itafika kimo gani, na ikaonekana katika miaka kumi itaipita sanamu ya Mlezi. Wajumbe wote wakatazama chini. Mianzi ikasemwa kwamba ukija upepo inanong'onezana, na hakuna ajuaye inanong'ona nini. Bogonvilia hawakuimaliza hata kuitaja, kwa sababu inatoa maua, na maua hayana rangi ya kijani.

Ikafika saa tisa. Mimea kumi na saba ilikuwa imekatwa majina, na mimi kazi yangu ilikuwa kupiga makofi kila mmoja ukikatwa. Mikono ikaniuma. Nikasema, "Mheshimiwa, kuna sale."

"Sale ni nini, mama?"

"Mmea mpole, mheshimiwa. Majani marefu, kijani mwaka mzima. Hauna miiba, hauna maziwa, hausemi neno. Unakata shina lenye kimo unachotaka, unalichomeka, siku hiyo hiyo pengo limejaa. Kukua kwake unakufanya kabla ya kupandwa."

"Kukua kabla ya kupandwa," Waziri akarudia polepole, na katibu akaandika, akapigia mstari. "Na una historia yoyote mbaya? Umewahi kutumika vibaya?"

"Hapana. Wazee wetu waliuheshimu mno."

Nyuma yangu nikasikia kalamu ya Elirehema imeanguka.

Hapa niwaeleze nyinyi mnaotoka mbali. Kwetu, sale ndilo mpaka. Likishapandwa na mikono ya watu wawili, aliyelileta na aliyelipokea, haling'olewi na mtu yeyote. Ndugu wanaopigania shamba wakilikuta sale wanashusha mapanga. Na lina kazi ya pili. Mtu akikukosea kosa zito, anakata sale na kulileta mlangoni kwako kwa mkono wake mwenyewe. Haingii, haketi. Wewe unamwambia, "Taja uliyotenda." Anataja moja moja mbele ya majirani, na kwa kila moja majirani wanajibu, "Tumesikia." Fungu moja la masale hubeba kosa moja. Ukilipokea, umesamehe, na huruhusiwi kulikumbusha kosa hilo mpaka unaingia kaburini. Usipolipokea, haliwekwi chini wala halirudi lilikotoka. Aliyelileta, au mtu wake anayekula naye chungu kimoja, anasimama nalo pale pale kosa lilipo, mpaka kosa litengenezwe.

Hayo yote sikuyasema mbele ya Kamati. Hawakuniuliza. Kiti changu waliandika Mwananchi, hawakuandika Mshauri.

*

Kesho yake Elirehema alikuja mbio, karatasi mkononi.

"Bibi, umefanya nini?"

"Nimechangia maendeleo."

"Limetoka Agizo jipya. Sikukuu ya Mandhari, Waziri na wakurugenzi wake wote watabeba masale kwa mikono yao wenyewe mpaka kwenye milango ya watu. Wanaanzia kwako. Watu watasimama wangoje hao wakubwa wakiri makosa."

"Si watakuwa wamekuja na masale?"

"Hawajui maana yake."

"Waambie. Wewe ni mtoto wa hapa na ni mtu wao."

"Kumsahihisha mkubwa kuna fomu, Bibi."

"Ijaze."

"Inasainiwa na huyo mkubwa unayemsahihisha." Akajikuna shingo, nikajua bado kuna kitu. "Bibi, kaa chini. Ramani ya Bustani ya Mapumziko ilishachorwa, tangu kabla ya ile nguo kuonekana. Inachukua viwanja thelathini na kimoja. Cha kwako kimeandikwa maegesho ya magari."

"Na pale alipolala mzee wangu?"

Akaitazama migomba. "Gari namba saba," akasema.

Nikamtengenezea chai. Ningemfukuza, lakini kitovu chake kimezikwa mgombani kwangu, na hata hivyo si yeye aliyechora. Nikamwambia kama ni hivyo, masale yakipandwa pengoni kwa mikono miwili, yangu na ya Waziri, hakuna mtu wa mlima huu atakayekubali kushika panga kuyang'oa, wala dereva atakayekubali kuyakanyaga. Alikunywa chai yake yote, na kikombe akakiosha mwenyewe.

*

Sikukuu ilifika. Walikuja kwa ngoma, Waziri mbele na mafungu matatu ya masale kifuani, nyuma yake wakurugenzi na makatibu, kila mmoja na masale yake, wamevaa suti za kijani. Pembeni alitembea Mkaguzi wa Mapengo na mbuzi wa vipimo, maana kisheria pengo ni mahali popote ambapo mbuzi wa ukubwa wa wastani anapita bila kuinama. Mbuzi alikuwa na kitambulisho shingoni. Picha yake ilikuwa nzuri kuliko ya kwangu.

Waliposimama mlangoni kwangu, ngoma zikanyamaza zenyewe. Wanaume wakavua kofia. Jirani yangu Mama Apaikunda, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa hata kanisani, akaufunga. Watu mia tatu, kimya kabisa.

Waziri akapendezwa. "Utulivu wa hali ya juu," akamwambia katibu, "andika hilo."

Mkaguzi akatazama saa. Saa tano na dakika ishirini na tano.

Nikatoka, nikasimama mbele yake. "Mheshimiwa," nikasema, "taja uliyotenda."

Uso wake uling'aa. Nadhani alikuwa anangoja swali hilo tangu ateuliwe. Akatoa karatasi mfukoni.

"Wizara yangu," akasema, "imevunja soko la zamani na kuweka jiwe la msingi la soko jipya, na mwaka uliofuata ikaweka jiwe la pili juu ya lile la kwanza."

"Tumesikia," watu wakajibu pamoja.

Akashtuka kwa furaha. Akaendelea kwa sauti kubwa zaidi. "Tumefunga zahanati kwa ajili ya ukarabati, na ukarabati tumeufunga kwa ajili ya uchunguzi."

"Tumesikia."

"Tuliitangaza redioni nguo iliyohatarisha heshima ya taifa."

"Tumesikia."

"Tumechora ramani ya Bustani ya Mapumziko itakayopita juu ya viwanja hivi thelathini na kimoja."

"Tumesikia."

"Na tumeutoa mfereji wa kijiji hiki, uliokuwa ukipotea bure kwenye migomba, tukaupa kazi ya heshima mjini, ambako maji yake leo hii yanaruka mita tisa."

"Tumesikia." Hilo lilitoka kama mlima wenyewe umesema. Nilimwona Waziri anajifuta macho. Katika miaka yake yote ya uongozi, hajawahi kusikilizwa namna ile. Elirehema alikuwa amesimama nyuma yake, amefumba macho kama mtu anayengoja sindano.

Sasa zamu ikawa yangu. Soko na zahanati vina wenyewe, na wenyewe wangepelekewa masale yao. Makosa niliyotendewa mimi yalikuwa matatu, na mafungu yalikuwa matatu. Fungu la kwanza, la nguo, nililipokea. Nilishasema ilikuwa safi. Tukalichomeka pamoja katika pengo la kwanza, mimi na Waziri, mkono wake laini kama maandazi. Fungu la pili, la ramani, nililipokea pia, na hilo nililigandamizia udongo kwa kisigino mara saba, namba ya lile gari.

Likabaki la tatu. Hilo lilibeba mfereji.

Nililitazama. Nikilipokea, pengo la mwisho linajaa, mbuzi anageuka, kiwanja ni changu, mzee wangu analala. Lakini mfereji ungekuwa umesamehewa. Mama Apaikunda na wanawake wote wa mteremko ule wangebeba ndoo mpaka wafe, na mimi nisingeweza kufungua mdomo kuuliza tena. Nisipolipokea, mbuzi anapita.

Saa sita kasoro dakika nane. Mama Apaikunda alinitazama, kisha akatazama pembeni, asinitwishe mzigo. Mikono yangu nikaificha ndani ya khanga.

"Hili bado, mheshimiwa," nikasema. "Nitalipokea siku maji yatakapofika hapa."

Waziri akacheka, kile kicheko cha watu wenye ratiba. "Utani wa wazee. Basi naliweka hapa, mama, utalipanda baadaye." Akainama.

Watu mia tatu wakavuta pumzi kwa pamoja.

"Mheshimiwa, usiliweke chini," Elirehema akasema. Sijui alipata wapi sauti. Hakuwa amejaza fomu yoyote.

"Kwa nini?"

"Haliwekwi. Nakuomba."

"Basi shika wewe. Si wewe ni mtu wangu? Si asubuhi tumekunywa uji wa sufuria moja pale ofisini kwako?"

Elirehema akanitazama. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote pale anapewa nini. Akanyoosha mikono, akalipokea, akaenda polepole akasimama mahali kosa lilipo, ndani ya pengo la tatu, uso barabarani, majani yamemfika kidevuni.

Waziri akaondoka na ngoma zake kwenda mlango wa pili. Mkaguzi akabaki. Saa sita kamili akamwachia mbuzi. Mbuzi akalitazama pengo la kwanza, akapita kando. La pili, akapita kando. Akafika la tatu, akamnusa Elirehema magoti, akamtazama usoni kwa muda mrefu, kama mtumishi anavyomtazama mtumishi mwenzake, akageuka.

Mkaguzi akaandika: LIMEJAA.

Mchana kutwa tulisikia kule chini, mlango hadi mlango, "Tumesikia," halafu kimya, halafu "Tumesikia." Redio ilitangaza kwamba wananchi wameyapokea maendeleo kwa utulivu wa kupigiwa mfano.

*

Leo ni siku ya kumi na moja, na Elirehema bado amesimama. Mke wake humpokea akitaka kulala au kujisaidia, maana naye wanakula chungu kimoja. Asubuhi nampelekea uji, na Mama Apaikunda akipita na ndoo kichwani humwambia, "Shikilia hapo hapo, mtendaji, ndiyo kwanza unapendeza." Maji hayajafika. Nimesikia chemchemi ya mjini sasa imeongezewa taa.

Elirehema aliandika barua wizarani, kwa mkono mmoja, kuomba mfereji urudishwe ili aweze kwenda nyumbani. Jana majibu yamekuja. Kuhusu mfereji hayasemi kitu. Yanasema wizara imeona kwenye taarifa ya Mkaguzi kwamba pengo la tatu limejazwa na Elirehema, na kwamba Elirehema hayumo katika orodha ya mimea iliyopitishwa. Wamemtumia fomu, nakala tatu.

Nilimshikia masale kidogo kwa ncha za vidole, bila kuyapokea, ili ajaze. Upana akaandika. Kwenye kasi ya kukua akaandika, "Nitajitahidi." Akafika kwenye swali la mwisho, akakwama, akajikuna shingo kwa kalamu.

"Bibi, hapa wanauliza kama nitabaki hivi kiangazi chote bila kudai maji. Niandike nini?"

"Andika ukweli, mwanangu. Andika kwamba unadai."

Akaandika. Kisha akashuka mpaka chini kabisa, akatia sahihi yake pale palipoandikwa Mmea.